Windows, Linux au Mac? Mwongozo kamili wa kulinganisha mifumo ya kompyuta bila ushabiki

Nina stesheneri ndogo, kompyuta tatu za mtumba na printa mbili, na toka Windows 10 ikatiwe apdeti tarehe 14 Oktoba 2025 haipiti wiki bila mtu kuja na laptopu yake kwapani, kaka hii nifanyeje, nipige Windows 11, nihamie Linux, ule mfumo wa bure, au nijichange ninunue Mac? Kabla sijajibu wale waliokaa kwenye benchi wanasubiri kopi zao washaanza kubishana kama siku ya dabi, wa Windows anamcheka wa Linux, wa Mac anawaona wote washamba, na mwenye laptopu anaondoka na swali lake lile lile. Hamna hata mmoja aliyemuuliza hiyo mashine anafanyia kazi gani.

Sasa nimeamua niandike yote jinsi ninavyofanya mimi nikimsaidia mtu, hatua kwa hatua. Ukifuata mpaka mwisho itakuchukua kama wiki mbili hivi, na utahitaji flashi ya GB 8, bando la kama GB 4, daftari na kalamu. Daftari usiliruke jamani. Kichwa kinakumbuka vile ulivyokuwa unapenda toka mwanzo, daftari linakumbuka kilichotokea.

Hatua ya 1: Andika kazi zako kabla hujagusa kitu

Usiandike "natumia Word na intaneti", hiyo kila mtu. Andika kazi yenyewe ilivyo: nafungua ripoti ya mwanafunzi ya kurasa 80 yenye majedwali, naskani vyeti vinakuwa PDF, najaza fomu ya Excel yenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili), nakata video za harusi, nachezesha muziki kwenye sherehe Jumamosi. Mbele ya kila kazi weka programu unayotumia, halafu piga nyota zile ambazo huwezi kuzibadilisha hata ukitaka, sababu bosi ndiyo anayoitaka au mteja analeta mafaili ya hiyo.

Wengi wanapata nusu ya jibu hapa hapa. Photoshop, AutoCAD, FL Studio, Virtual DJ na CapCut ya kompyuta zote zipo Windows na Mac, kwenye Linux hazipo rasmi. ArcGIS Pro ya kutengenezea ramani ni Windows tu, ila QGIS inakaa kote kutatu. Stata, R, Blender, GIMP, Audacity, Mixxx, VLC, LibreOffice, Firefox na Chrome nazo zipo pande zote. WhatsApp haijatoa programu yake rasmi ya Linux, unatumia ile ya kwenye brauza na inatosha.

Utasikia mtu anakwambia weka Linux halafu tumia Wine, programu zote za Windows zitafunguka. Wine ipo kweli na kuna programu inaziendesha vizuri kabisa, lakini ipo siku utaamka programu imeapdetiwa na haifunguki tena, na mteja kasimama mbele yako. Kama AutoCAD ndiyo inayolipa kodi ya nyumba baki kwenye Windows kwa amani, Linux ijaribu kwenye mashine ya pili.

Na kinyume chake nacho ni kweli. Mtu kazi zake zote zipo ndani ya brauza, barua pepe, Google Docs, mitihani ya mtandaoni, YouTube, huyo mfumo wowote unamtosha na asiogopeshwe na mtu.

Hatua ya 2: Ijue mashine yako vizuri

Bonyeza kitufe cha Windows na R kwa pamoja, andika msinfo32, halafu tafuta mstari wa prosesa. Kwa Intel angalia namba iliyo baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-1135G7 ni cha 11. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu (za kizazi cha 7 zilizoruhusiwa ni za kuhesabu), RAM GB 4, diski GB 64, Secure Boot (ulinzi unaozuia mfumo usiotambulika kuwaka) na kitu kinaitwa TPM 2.0. Hiyo TPM ni kama kisanduku cha kutunzia funguo za siri ndani ya kompyuta, unaiangalia kwa kuandika tpm.msc kwenye kile kiboksi cha mwanzo.

Hapa ndipo mtumba unapouma. HP EliteBook 840 G3 na Dell Latitude E7470 ni mashine ngumu, kibodi nzuri, bado zina nguvu, lakini ni kizazi cha 6 na Windows 11 imeziacha nje. EliteBook 840 G5 au Latitude 7490 zenye kizazi cha 8 zinaingia. Kwa hiyo ukienda dukani leo kununua iliyotumika usiulize "ni core i5?" peke yake, uliza kizazi, tena waambie waiwashe uone kwa macho yako.

Ipo njia ya kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine ya zamani, mafundi wengi wanaifanya na inawaka vizuri tu, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai apdeti. Kwa kompyuta ya kuangalizia muvi sawa, kwa ya ofisi yenye taarifa za watu mimi sishauri.

Kitu cha pili, leseni. Fungua dirisha la amri (cmd), andika slmgr /xpr. Ikijibu kwamba imeaktivetiwa kwa kudumu mara nyingi uko vizuri. Ikikupa tarehe ya kuisha na mashine si ya kampuni inayokusimamia, basi huenda kuna mtu aliiaktiveti kwa ujanja, na vile vikreki vinavyogawiwa kwenye flashi ndiyo njia kubwa virusi vinapoingilia. Hili liandike kwenye daftari sababu linaingia kwenye hesabu ya gharama, Windows siyo bure, tulizoea tu kuikuta imeshawekwa.

Kitu cha tatu ndio kikubwa kuliko vyote: diski yako ni HDD au SSD? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance, imeandikwa pale. Kama ni HDD simama hapo hapo, kwanza weka SSD ndipo uendelee na huu mwongozo. HDD ina sahani inazunguka na mkono unaotafuta data kama unavyotafuta ukurasa kwenye kitabu, SSD haina kinachozunguka, na nimeona laptopu ambayo mwenyewe alishaamua kuiuza bei ya kutupa ikabadilishwa diski tu na Windows ile ile ikawa inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Watu wengi wanaosema "Windows nzito" shida yao ilikuwa HDD, na wengi wanaosema "Linux imeokoa laptopu yangu" walibadilisha mfumo na diski siku moja, sasa utajuaje kilichookoa ni kipi?

Hatua ya 3: Weka sheria za haki kabla ya mechi

Usilinganishe Windows ya miaka minne iliyojaa mizigo na Linux uliyoiweka jana. Wala usilinganishe MacBook ya M1 (chipu ya Apple wenyewe) na laptopu ya kizazi cha 4, hapo unalinganisha bei mbili tofauti kabisa. Safi kwa safi, mashine ile ile, diski ile ile, RAM ile ile. Ukitaka kuijaribu Windows kwa haki toa zile antivairasi mbili zinazogombana (Defender iliyomo ndani inatosha), zima programu zinazojiwasha zenyewe, iache imalize apdeti, ndipo uanze kuipima.

Vipimo vyangu ni vitano, navipima kwa stopuwochi ya simu. Kutoka kubonyeza pawa mpaka brauza imefunguka. RAM inayoliwa ukiwa hujafungua kitu. Kufungua lile faili lako kubwa kuliko yote. Tabo sita za brauza huku video inacheza, inastaki au haistaki. Na cha mwisho, chaji 100 unafanya kazi zako za kawaida saa moja bila umeme, imebaki ngapi. Kila kipimo rudia mara tatu uandike ya katikati, maana ya kwanza mara nyingi inadanganya.

Hatua ya 4: Hamisha mafaili yako, na hapa nakuomba usifanye uvivu

Mwaka fulani nilimpelekea fundi mashine moja apige Windows, nikamwambia mafaili yapo diski D usiguse. Akafuta diski nzima. Picha za mahafali za watu waliokuwa wameshanilipa zikaondoka hivi hivi, na nilirudisha hela kwa mteja mmoja mmoja huku nikiomba radhi. Tangu siku hiyo mashine haibadilishwi chochote mpaka mafaili yawe sehemu mbili tofauti nje ya mashine yenyewe, mfano diski ya nje na Google Drive. Diski ya nje ifomati exFAT, hiyo Windows, Linux na Mac zote zinaisoma na kuiandikia. NTFS, fomati ya kawaida ya Windows, kwenye Mac inasomeka tu lakini haiandikiki bila programu ya ziada, na ile fomati ya ext4 ya Linux, Windows haiifungui yenyewe.

Kama mashine yako ina Windows 11, angalia kama BitLocker au Device Encryption (kufuli la Windows linalofunga diski kwa siri) imewashwa. Ikiwa imewashwa tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft uuandike kwenye karatasi kabla hujagusa chochote kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayowaka kabla ya Windows), sababu ukizima Secure Boot kompyuta inaweza kukudai huo ufunguo na usipokuwa nao mafaili yako ndio basi tena.

Hatua ya 5: Onja Linux bila kufuta Windows

Linux inakuruhusu uionje kwenye flashi bila kuiweka kwenye diski, na mimi naona hii ni heshima kubwa kwa mtumiaji. Zipo aina nyingi sana, wewe anza na Linux Mint. Ina meza (ile skrini ya mwanzo), kitufe cha menyu chini kushoto na saa chini kulia, mtu aliyetoka Windows hapotei. Mint 22 ilitoka Julai 2024, imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na inapata apdeti mpaka 2029. RAM ikiwa GB 4 chukua toleo jepesi la Xfce, ikiwa 8 chukua Cinnamon. Ubuntu yenyewe ni nzuri pia, ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni lile lile neno letu utu, ila sura yake inahitaji kuzoea kidogo.

Pakua faili la ISO (faili moja lenye mfumo mzima) kutoka tovuti ya Linux Mint wenyewe, ni karibu GB 3, kwa hiyo subiri bando la usiku. Likishashuka hakikisha halijaharibika njiani: kwenye dirisha la amri andika certutil -hashfile, acha nafasi, weka jina la faili, nafasi tena, halafu SHA256, zile herufi zitakazotoka zifanane na zilizoko kwenye tovuti yao. Watu wanaruka hii halafu wanalalamika Linux mbovu kumbe faili liliingia nusu.

Kisha pakua programu ndogo inaitwa Rufus, chomeka flashi (kila kilichomo kitafutwa, hamisha kwanza), chagua ISO, bonyeza kuanza. Ikimaliza zima kompyuta, iwashe huku unabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia, kwa HP ni F9, Dell na Lenovo nyingi ni F12, chagua flashi. Subiri. Itawaka polepole sababu inasoma kwenye flashi, kwa hiyo spidi usiipime leo, leo unapima kama vifaa vyako vinakubali.

Pitia kimoja kimoja: waifai inashika? Sauti inatoka, maiki inaingia? Kamera? Vile vitufe vya kuongeza mwanga? Ukifunika laptopu inalala na ukifunua inaamka? Bluetooth, projekta kupitia HDMI, printa, skana? Printa za HP mara nyingi Linux inazitambua yenyewe, skana za bei ndogo ndio zinasumbua. Kama waifai haipo usikate tamaa, kadi za waifai za Broadcom zinahitaji draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya ziada, chomeka simu kwa waya uwashe kushea intaneti, halafu fungua Driver Manager itakutafutia. Alama za kidole kwenye laptopu nyingi hazitafanya kazi, nakwambia mapema. Kumbuka pia chochote utakachosevu kwenye hii meza ya flashi kinapotea ukizima.

Hatua ya 6: Wiki moja moja

Vifaa vikikubali ndipo unaweka Linux pembeni ya Windows. Ndani ya Windows zima Fast Startup, ule mtindo wa kuwaka haraka (usipoizima Linux itakataa kuandika kwenye diski ya Windows), andika diskmgmt.msc, punguza diski ya C ubakishe kama GB 60 wazi, halafu washa tena flashi ubonyeze kuinstoli na uchague ikae pamoja na Windows. Soma kila skrini kabla ya kubonyeza, ile inayosema futa diski yote siyo yako.

Utakutana na kituko kimoja ambacho sisi wa Afrika Mashariki tunakiona wazi. Ukirudi Windows saa itakuwa nyuma masaa matatu kamili, saa nne asubuhi inakuonyesha 7:00. Siyo virusi, siyo betri ya BIOS. Linux inaiweka saa ya ndani ya mashine kwenye saa ya dunia, Windows inadhani hiyo ni saa ya hapa, na sisi tumetangulia masaa matatu. Kwenye Linux fungua terminali (dirisha lake la amri) uandike timedatectl set-local-rtc 1 na imeisha.

Sasa fanya kazi zako zote wiki nzima ndani ya Linux, halafu wiki nzima ndani ya Windows, bila kukimbilia ule uliouzoea kila ukikwama. Kila ukikwama andika, na uandike kwenye safu mbili: *sijazoea* na *haiwezi*. Hili ndio jambo nililochelewa kulijua kuliko yote. Siku tatu za kwanza kila kitu kitakukera, kitufe hakipo ulipozoea, menyu imehama, na hizo hasira ukizisikiliza utasema mfumo mbovu. Kufika siku ya saba ile safu ya sijazoea karibu yote unaifuta kwa mkono wako, iliyobaki kwenye haiwezi ndiyo habari yenyewe.

Mfano mimi niliandika "Word inaharibika kwenye Linux" kwenye safu ya haiwezi. Ripoti ya mwanafunzi ya kurasa 80 ilifunguka kurasa 83, majedwali yamehama, nikamlaumu LibreOffice siku mbili. Kumbe ilikuwa fonti, Linux haiji na Calibri wala Times New Roman yenyewe, inaweka mbadala. Nikaweka kifurushi cha fonti kinaitwa ttf-mscorefonts-installer kwa ajili ya Times, na Carlito ambayo ina vipimo sawa na Calibri, zikarudi 80. Nikahamisha ile alama kwenda sijazoea. Lakini fomu moja ya Excel yenye makro ilikataa kabisa, hata baada ya kuhangaika nayo usiku mzima, hiyo ikabaki haiwezi mpaka leo na sina aibu kusema.

Na Windows nayo iliandikiwa yake. Kumaliza bando kwa apdeti bila kuniuliza, hiyo niliiweka kwanza kwenye haiwezi halafu nikagundua ukiuweka mtandao kuwa Metered, yaani wa kupimiwa bando, inapunguza sana, ikahama. Flashi za wateja zenye virusi vya shotikati zinazogeuza mafolda yote, hiyo ilibaki, sababu kwenye Linux vile virusi havipati pa kushika na mimi napokea flashi za watu thelathini kwa siku.

Hatua ya 7: Mac, kama mfuko unaruhusu

Mac huwezi kuijaribu kwenye laptopu yako, leseni yake inaruhusu kwenye mashine za Apple tu. Azima ya rafiki siku mbili tatu, fanya zile kazi zako za kwenye daftari, siyo kuangalia tu skrini ilivyo nzuri. Kuanzia M1 ya Novemba 2020 chaji inakaa sana na feni kwenye Air haipo kabisa, hilo lazima tulikubali hata kama hatuna hela ya kuinunua.

Ila mtumba wa Mac una mitego. MacBook Air ya 2017 inauzwa sana na inapendeza, lakini mwisho wake ni Monterey, mfumo wa 2021. Mac za Intel kwa ujumla macOS 26 Tahoe ndiyo ya mwisho kwao, na hata hiyo ni chache tu zinazoipata. Kwenye za M1 RAM na diski zimegandishwa kwenye bodi, GB 8 uliyonunua ndiyo utakufa nayo, kwa hiyo amua siku ya kununua. Na usitoe hela mpaka muuzaji ametoa akaunti yake ya iCloud mbele yako, mashine ikafutwa, ikawaka upya ikaunganishwa na waifai na haijadai akaunti ya mtu wala kutaja kampuni inayoisimamia. Ikitaja, rudisha, hata kama bei ni ya kutupa.

Hatua ya 8: Amua kwa mashine, siyo kwa jina lako

Fungua daftari, anza na zile nyota za hatua ya kwanza. Nyota yoyote iliyoangukia kwenye haiwezi inafunga mjadala kwa mashine hiyo. Zikishapita ndipo uangalie leseni, miaka ya apdeti iliyobaki, spidi na chaji. Na hulazimiki kuwa mtu wa mfumo mmoja, mashine moja inaweza kuwa hivi na nyingine vile.

Kama bado hujaamua na uko Windows 10, usikae uchi. Upo mpango wa Microsoft wa apdeti za usalama za ziada mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, unajiandikisha ndani ya Settings kwenye Windows Update, na kuna njia ya kuupata bila kulipa ukikubali kuunganisha mashine na akaunti yao.

Kwangu ziliishia hivi: zile mbili za kizazi cha 6 zinazopokea flashi za wateja na kuprinti ziko Mint, ya tatu yenye kizazi cha 8 iko Windows 11 kwa ajili ya ile fomu ya makro na kijana anayekuja kufanya kazi zake za Photoshop jioni. Flashi ya Mint iko kwenye droo ya kaunta, na ukipita na laptopu yako tunaiwasha hapo hapo uone waifai yako inakubali au haikubali.